Aliyempigia Baba

Kaka alikataa kuusoma wasifu wa Baba kwa sababu ya sentensi zangu za mwanzo. Niliandika: "Baba alikuwa mtu wa kupiga. Mchana alipiga bodi za magari, jioni alipiga kinanda cha kwaya, usiku alipiga magoti. Sisi wanawe hakutupiga hata kofi."

"Mtu amekufa kwa kupigwa, wewe unachezea neno," alisema. "Chuo kimekuharibu, mdogo wangu."

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni. Mimi si mtu wa kujibu. Hata kwenye kwaya Baba alinipanga kando ya mama mmoja mwenye sauti kama honi ya lori, na bado alikuwa akinitania: "Jirani yako hakusikii, Mungu je?"

Baba alikutwa sakafuni gerejini, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo yake mwenyewe, ile ndogo ya kumalizia. Alilala kati ya mlango wa gari aliokuwa akiunyoosha na kinanda chake. Kinanda alikiweka pale makusudi, maana mafundi wake ndio waliokuwa sauti nzito za kwaya, na aliwafanyisha mazoezi wakisubiri rangi ikauke. Wauaji waliondoka na mashine ya kuchomelea. Mlinzi wa gereji alitoweka jioni ileile, na mtaa mzima ukamhukumu.

Tulipotoka kumzika, watu walikaa uani chini ya turubai. Nilikuwa langoni na jagi na beseni, nikiwanawisha mikono mafundi, mlinzi alipoingia. Shati lake lilikuwa na damu iliyokauka. Alimwendea moja kwa moja Kaka, aliyesimama hatua chache kutoka kwangu.

"Pole, kaka. Mimi ndiye niliyempigia mzee mara ya mwisho."

Vyombo vilikuwa vikigongana, shangazi analia. Kaka alisikia kile alichokuwa akikingoja tangu msiba uingie.

"Mmemsikia?" alisema polepole. "Kasema kampiga."

"Umekuja kuhakikisha kama kweli kafa?" aliuliza Spana, fundi mkubwa wa Baba, na kabla hajajibiwa akamtandika ngumi ya mdomo. Jino lilidondoka kwenye beseni langu la maji. Mafundi wengine wakamzunguka. Walimpiga jinsi Baba alivyowafundisha kunyoosha bodi, kuanzia pembeni kuja katikati, bila papara: mapaja, mikono, mbavu. Nilisikia ubavu ukivunjika. Hakuna aliyetukana. Ningependa wangetukana.

Kaka aling'oa nondo iliyoshikilia kamba ya turubai. Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono wa kulia wa mlinzi, ukiwa umetandazwa juu ya saruji, na vidole vikapinda upande usio wake. Akainua tena nondo, safari hii akilenga kichwa.

Mimi nilikuwa nimeisikia ile "i". Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilisema, "Kampigia," na hata Spana, tuliyegusana naye mabega, hakugeuka. Nikasema tena. Mara ya tatu sauti ilitoka kama bati linalochanwa, na jagi likaniponyoka.

"Kampigia, si kampiga! Muulizeni alimpigia nini."

Nondo ilibaki hewani. Kaka alinitazama kana kwamba kiti kimezungumza.

"Kinanda," alisema mlinzi, damu ikimtoka na maneno. "Nilimkuta chini, waliompiga wenyewe washakimbia. Nikapiga kelele, hakuja mtu. Akaniambia acha kelele, nipigie ule wimbo ninaokufundisha. Naujua mwanzo tu. Nikaurudia huohuo mpaka akanyamaza. Nikajiona nilivyojaa damu yake, nikakimbia."

"Hadithi nzuri," alisema Kaka, lakini nondo ilishuka hadi usawa wa bega.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemwanguka begani.

"Kinanda nimekifuta mwenyewe," alisema. "Damu ilikuwa kwenye vibonye vya katikati tu, vichache, vimegandamana. Nikajiuliza, mume wangu aliwezaje kuvifikia na kichwa kile? Weka hicho chuma chini, mwanangu."

Kaka alikiweka, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Alivua shati lake la kwaya akaufunga ule mkono wa mlinzi. Spana alikwenda kuwasha gari na funguo zikamdondoka mara mbili.

Tulimlaza mlinzi kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Kaka. Mimi nilikaa mbele. Njia ya hospitali ilikuwa na mashimo, na kila shimo mlinzi alitoa mlio mdogo.

"Nisomee ulichoandika," alisema Kaka.

Karatasi ilikuwa imelowa maji ya jagi. Nilianza kusoma.

"Sauti," alisema.

Nikapaza. Nilipofika "hakutupiga hata kofi," Kaka aligeuza uso dirishani.

"Na mimi hakunipiga," alisema mlinzi, macho kayafumba. "Na nilikuwa nakosea kila siku."