Pua Iliyoziba

Katika baa ya hoteli hii mimi nimeajiriwa kwa ajili ya pua yangu. Kila chupa ya mvinyo nainusa kwanza, mgeni anaonja kidogo, akiridhika ndipo namimina. Siku hiyo mafua yalikuwa yameniziba pua kabisa, nikanyamaza. Bosi ana maneno, na mimi kubembeleza ruhusa siwezi.

Saa kumi alasiri kijana mwenye suti mpya akaagiza mvinyo wa miaka ishirini. Alikuwa amemleta baba wa mchumba wake. Nikang'oa kizibo, nikanusa. Ni kama nilinusa ukuta.

"Uko sawa," nikasema.

Kijana akaonja. Akasita. Alinitazama, nikamtazama, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme.

"Mzuri sana," akasema, huku kijasho kikimtoka.

Nikawamiminia, nikarudi kaunta na chupa. Nikamwomba mchanganyaji wa vinywaji ainuse. Akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Dada, hii ni siki."

Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshakunywa funda moja na kuisukuma glasi mbali. Akaniita kwa kidole. Nilikwenda na chupa yangu.

"Binti," akasema kwa upole, "huyu mwanangu amesema ni mzuri. Mjazie mpaka juu. Halafu na wewe uliyesema uko sawa, vuta kiti, chukua glasi yangu."