Bahasha ya Kumi na Mbili

Kwa miaka sita hundi za shemeji wa karani zilikuwa na mwendo mmoja: zinaingia Jumatatu, zinalala kwenye droo ya karani huyo chini ya risiti za zamani, na Ijumaa zinaamka kwenda benki. Shemeji, mume wa dada yake, aliuza saruji na rangi, na akaunti yake ilipata uzito mwisho wa wiki tu. Karani naye aliishi na binti yake chumba cha nyuma nyumbani kwa shemeji huyo, bila kodi. Nipe nikupe, na hakuna aliyeumia. Kampuni ya saruji alikofanya kazi karani ililipwa yote, ila bosi alinung'unika kwamba pesa zinajivuta kama bibi harusi.

Bosi alipochoka kunung'unika akanunua mashine. Kitu kidogo, hakizidi mkate: unakipa hundi, kinaipiga picha mbele na nyuma, na kabla hujapiga chafya benki imeshaiona na malipo ya mteja yameshaandikwa. Na kwa kuwa haamini hata kivuli chake, akaagiza kwa waraka mlinzi aandike getini kila bahasha na aliyeileta. Karani alitia sahihi waraka huo Ijumaa jioni bila kuusoma. Nani husoma waraka wa bosi Ijumaa jioni?

Jumatatu akapitisha hundi kumi na moja. Ya kumi na mbili, ya shemeji, ilikuwa imeshalala drooni. Mkono ulikuwa umeipeleka wenyewe, kwa mazoea.

Mhasibu alikuja na daftari la mlinzi, akasimama nyuma ya kiti cha karani. Akasema zimeandikwa kumi na mbili, haionekani ile ya duka la rangi, labda waitafute pamoja. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha karani.

Akiificha, kazi imekwenda, na ada ya binti nayo. Akiitoa, benki itaikataa leo leo, duka halitapewa tena saruji kwa mkopo, na kule chumba cha nyuma atamtazama nani usoni? Alitafuta njia ya tatu. Haikuwepo. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, na yeye hata mwizi hakuwahi kujiita.

Akavuta droo.

"Ilijificha kwenye makaratasi," alisema.

"Hutokea," mhasibu akajibu, bila kusogea.

Mashine ikaimeza, ikawasha taa ya kijani. Hapo simu ya karani ikaita.

"Shemeji," sauti ya mume wa dada yake ilikuwa ya furaha, "ile yangu ilaze mpaka Ijumaa, kama kawaida. Halafu kile kitasa kibovu cha chumba chako nimekibadilisha leo. Ufunguo mpya anao dada yako."

"Asante, shemeji," alisema, akaiweka simu mezani kifudifudi. Mhasibu alikuwa bado nyuma yake, akimnyooshea daftari atie sahihi.