Baba Katika Wimbo wa Kusum

Siku Kusum alipofariki, duka lao la vitambaa mjini Kisii lilifungwa mchana kweupe, na Subhash, mumewe, akasikia kwa mara ya kwanza nyumba yao ilivyo kimya. Mkewe alikuwa akiimba tangu chai ya asubuhi. Aliimba nyimbo za Kigujarati za kumwabudu Mungu Mama, alizorithi kwa nyanya yake, naye nyanya kwa wanawake waliomtangulia, karne kwa karne, bila mtu kuziandika.

Miaka ya mwisho aliamua kuzitafsiri kwa Kiswahili. Aliimba mstari, akaueleza, na rafiki yake Mokeira, fundi cherehani wa pale barazani, akamrekodi kwa simu. Sasa binti yao Trisha, aliyesomea Nairobi, alikuwa amechapa za kwanza ili wagawiwe waombolezaji. Subhash alitaka jambo moja tu: atakayesoma amsikie Kusum.

Trisha akasoma: "Baba, nimebisha hadi mkono umekufa ganzi. Umelala, au unajifanya?"

Mokeira akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe msichana, Mungu Mama wenu ameota ndevu!"

"Anti, nimesikiliza tena na tena. Mama anasema Baba."

"Anasema, ndiyo. Kwa Ekegusii baba ni mama. Baba wa Kiswahili kwetu ni tata."

Trisha akaona haya. "Basi naweka Mama kote. Watu watatucheka."

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Akaniuliza, 'Ukiungua na sufuria, unaita nani?' Nikamjibu, 'Baba!' Akasema, 'Haya. Mama ni neno la shuleni. Anayeimba hapa ameungua.'"

Subhash aliichukua karatasi, akausoma mstari mwenyewe. Kusum alizaliwa Mosocho, nje kidogo ya Kisii, nyuma ya duka la wazazi wake, na Ekegusii alikijua kabla ya Kiswahili. Wimbo ulipita vinywa vya wanawake wangapi huko India, na Kusum ndiye aliyeufundisha kulia kama mtoto wa Mosocho. Kifua kilimjaa Subhash fahari hadi akalazimika kusimama.

"Liache," akamwambia bintiye. "Andika maana yake chini. Atakayecheka, acheke akijua."

Vijitabu viligawiwa vikiwa na Baba. Nyimbo nyingine bado ziko kwenye simu, zikingoja kuchapwa. Kila Jumapili Mokeira humfundisha Trisha, aliyerudi Nairobi, Ekegusii kwa simu. Jumamosi haiwezekani, kwani Mokeira ni Msabato, huwa yuko kanisani.