Nembo ya Shingoni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Labda enzi zao. Siku hizi kibaya hakijitembezi hata hatua moja. Hutafuta mchoraji, kikavishwa nembo, kikaketi dukani kimetulia kama bwana harusi.

Mchoraji aliyetafutwa safari hii alikuwa binti wa ndugu. Baba yake mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Moto, ndiye aliyemlipia chuo tangu baba mzazi alipofariki. Sasa alitaka nembo ya biashara yake ya gesi, na hakutarajia kuulizwa maswali.

Lakini binti alikuwa na mwiko wake: penseli haigusi karatasi mpaka ashinde siku nzima pale kazi inapofanyika. Basi asubuhi akapewa kigoda uani, nyuma ya duka, katikati ya mitungi iliyopigwa rangi mpya. Hewa ilinuka kitunguu kilichooza. Mahali fulani kitu kilikuwa kikifanya sss, sss, taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake pembeni.

"Unasikia hiyo?" alimwuliza fundi wa kujaza, mzee mwenye ndevu tele lakini asiye na unywele hata mmoja wa nyusi.

"Masikio yangu yalistaafu kabla yangu, mwanangu." Akacheka. Hakuutazama upande ule.

Bwana Moto akaja na mtungi begani, akautua.

"Nembo ikae hapa." Aligonga shingo ya mtungi, chini kidogo ya valvu. "Upana wa vidole vinne. Usipunguze."

"Baba mdogo, nembo nzuri ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Tumboni kuna nafasi tele. Shingoni nani ataiona?"

"Nimesema shingoni."

Alipoondoka, binti alipapasa pale palipogongwa. Chini ya rangi palikuwa na namba zilizochimbwa kwenye chuma: mwezi na mwaka ambao mtungi ulipaswa kurudishwa kupimwa. Mwaka wenyewe ulipita yeye akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Akapapasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Yote ndugu wa baba mmoja.

Alimfuata dukani. "Mitungi hii imepimwa tena?"

"Umekuja kuchora au kukagua? Chuo ulilipiwa na nini kama si mitungi hii hii?"

"Na ule wa kwa mama?"

"Mama yako ana mtungi wangu mwaka wa saba. Umesikia amekufa?"

Binti alirudi uani. Mzee wa kujaza alikuwa amekihamisha kigoda chake mwenyewe hatua tano, hadi karibu na geti, na kukaa kana kwamba hakuhama.

Jioni ile, kabla ya lolote, binti aliutoa mtungi jikoni kwa mama yake akauweka nje. Mama alinung'unika, kisha akamtazama usoni, akaenda kuwasha jiko la mkaa. Ndipo binti akachora: mwali mmoja mweusi wa moto, unaotambulika hata ukiwa mdogo kama ukucha. Katikati ya mwali akaacha dirisha wazi, urefu na upana wa zile namba za kwenye chuma.

Bwana Moto alikuwa na haraka ya kuringa. Aliuona mwali, akaupenda, akaurusha kwenye kundi la simu la mtaa mzima. *Nembo yetu mpya, kazi ya mwanangu.* Watu wakapongeza. Mama muuza uji akauliza: hilo tundu la nini?

Binti akajibu palepale, kila mtu akasoma: *Ni la kusomea tarehe ya kupimwa, iliyochimbwa shingoni mwa mtungi. Kama imepita, usiupokee.*

Asubuhi mitungi ilianza kurudi. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alitua wake mlangoni, akaondoka; mwingine akautua pembeni yake; ikajaa kibarazani hadi mlango wa duka ukashindwa kufunguka. Bwana Moto aliingia kwa mchoraji bila kubisha hodi.

"Umenivua nguo mbele ya mtaa. Andika kwamba ulikosea. Halafu uniombe radhi."

"Zile namba ni za uongo?"

"Nimekwambia uniombe radhi, mimi niliyekulea."

"Umenilea, na asante nakupa leo na kesho," alisema binti. "Radhi siombi, baba mdogo."