Maumivu Yaliyobaki Kwenye Nepia

Duncan, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwandikia Orpah maagizo kwenye karatasi: asikae kwenye kigoda, asipachike mguu mmoja juu ya mwingine, alale na mto katikati ya magoti, na atembee nusu saa kila asubuhi. Hilo la kutembea ndilo lililomtoa machozi.

Nyonga mpya ilikuwa na wiki kumi. Kidonda kilikuwa kimefunga, picha ilionyesha chuma kimekaa mahali pake, na daktari alikuwa ameridhika. Lakini maumivu yalianzia nyuma ya paja, yakashuka hadi gotini, yakatulia humo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya yalikuwa na mwezi wa tatu na hayajaosha hata kikombe.

Na Orpah hakuwa na muda wa kupoteza. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, akishuka kwenye gari kisha kupanda kwa miguu hadi mahali pake karibu na wauza mitumba. Mahali hapo sasa palishikwa na rafiki yake Nyanchama. Nyanchama alikuwa mwaminifu, ila alikuwa na dada, na dada naye alitafuta pa kuuzia. Nyanchama alikuwa amesema angengoja hadi Pasaka. Baada ya hapo asingeweza kuendelea kumnyima ndugu yake kwa ajili ya mtu anayetembelea mkongojo.

Jumatatu moja, njia ya kawaida ikiwa na utelezi wa mvua, Orpah alipita kati ya mashina ya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, akaingia kwenye mistari ya chai ambayo siku hizi ilichumwa na shemeji yake, Masese. Maumivu hayakuingia naye. Yalibaki kwenye nepia. Alitembea hatua nane mguu ukiwa mwepesi, akafika kwenye kisiki cha mkaratusi, na hapo yakampokea, kama mtu aliyezunguka kwa njia nyingine.

Alirudi nyuma. Hatua nane, hakuna kitu. Alikwenda na kurudi hadi nusu saa ikaisha, kisha akaenda nyumbani kunywa chai.

Kile kisiki kilijulikana na kila mtu. Mkaratusi ule ulipandwa na baba mkwe wake siku alipowagawia wanawe shamba, uwe mpaka: upande mmoja wa marehemu mume wa Orpah, upande wa pili wa Masese. Orpah alipokuwa amelazwa hospitalini, Masese aliukata. Kisha akapanda safu ya nepia hatua nane ndani ya shamba la Orpah na kuiita mpaka. Orpah aliporudi nyumbani, nepia ilikuwa imefika kiunoni na yeye alikuwa akijifunza kwenda chooni peke yake.

Alimpigia Duncan simu. Duncan aliuliza ni dakika ngapi, akasema aendelee kutembea hapohapo.

Mzee wa kijiji, Okemwa, aliitwa kuamua habari ya mpaka, akaja na daftari. Orpah alitembea mbele yake. Kwenye nepia alinyooka, kwenye kisiki akainama, na Okemwa akaandika. Masese alisimama kando, mikono nyuma, wala hakubishana.

"Huo mguu umesema ukweli," Masese alisema. "Lakini mguu hauna hati."

Kwa kweli hakuna aliyekuwa na hati. Shamba lote bado lilikuwa kwa jina la babu yake Masese, aliyekufa zamani, na kila mwaka familia ilikubaliana kwamba jambo hilo lingeshughulikiwa Desemba. Okemwa alisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, akafunga daftari, akaenda kulima. Masese alimruhusu shemeji yake atembee humo wakati wowote, mradi asiguse majani. Orpah alikasirika, kwa maana ile chai alikuwa ameipanda mwenyewe, mche kwa mche. Kesho yake akaenda akatembea.

Jumatano, Orpah akiwa anatembea humo, Phanice, mke wa Masese, alikuwa akichuma karibu na nepia. Aliyachukua maumivu yaliyobaki hapo bila kujua, akaenda nayo nyumbani ndani ya kikapu au ndani ya paja, hakumbuki. Siku tatu alipika akichechemea. Siku hizo tatu Orpah alifika barabarani, akapanda kilima hadi shuleni na kurudi, na Jumamosi, Sabato yao, akaenda kanisani ameacha mkongojo nyuma ya mlango.

Baada ya ibada Phanice alimfuata Orpah taratibu, mkono mmoja kiunoni, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Mokua, nafikiri nimebeba kitu yako pale kwa nepia."

"Ni yangu. Nilishangaa imeenda wapi."

"Umekaa nayo tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tatu."

Phanice alimuuliza kama hupika nayo, Orpah akasema hupika nayo, hufua nayo, na huomba nayo.

"Shamba siwezi kurudisha, si yangu," Phanice alisema. "Lakini hii naweza kubeba. Unipatie Jumatatu na Alhamisi."

Wakakubaliana hivyo. Jioni ya Jumapili na ya Jumatano Orpah aliyaacha kwenye nepia, na alfajiri Phanice aliyachukua. Siku zake huru Orpah alitembea mbali, na siku nyingine alitembea katika hatua nane. Paja likapata nguvu. Nayo maumivu, kwa kupokezanwa hivyo, yakaanza kuchakaa, kama sweta inayovaliwa na watu wawili.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Orpah alishuka Daraja Mbili na mikungu miwili. Alimpa kijana wa mkokoteni ndizi azipandishe, yeye akapanda kwa miguu yake mwenyewe. Nyanchama alimtazama akija tangu kwa wauza sukumawiki. Alisogeza magunia yake upande, na dada yake akaanza kufungasha. Orpah alikaa mahali pake na furaha ikamjaa, akamtajia mteja wa kwanza bei.

Siku hiyo alimwambia Phanice asiyachukue tena. Yale machache yaliyosalia yamebaki kwenye nepia.

Nepia haijasogea. Masese huchuma mistari ile kila Jumanne. Akipita nepia huanza kuchechemea, akifika kwenye kisiki huacha, akigeuka huanza tena. Orpah akipita kwenda barabarani humsalimia, naye huitikia bila kuinua kichwa.

Wiki iliyopita maumivu yalimfuata Masese hadi nyumbani. Alimtuma Phanice kwa Orpah, si kuzungumzia mpaka, bali kuomba ile karatasi ya Duncan. Orpah aliitoa ndani ya Biblia, akaikunjua, akaisoma mara ya mwisho.

"Mpelekee," alisema. "Na umwambie asikae kwa kigoda."