Faksi za Kaka Kutoka Ohio

Kila Jumapili asubuhi mashine ya faksi katika duka la Mama Tan, mjini Tainan, ililia, ikatema barua ya A-bin, mwanawe anayesoma Ohio. Mama aliacha mzani na mizizi ya dawa, akaisoma kwa sauti wateja wasikie. Kisha alifuta macho. Alisema A-bin ni mwanafunzi tu, lakini hujinyima chakula alipie simu ya ng'ambo kwa ajili ya mama yake.

Jambo hilo lilimkereketa A-hun, binti yake. A-bin hakulipa hata senti. Aliandika barua pepe kwenye kompyuta ya chuo, akaweka namba ya faksi ya duka, basi. Barua ilisafiri kwenye intaneti hadi kompyuta iliyokuwa ghorofani, chumbani kwa A-hun, nayo ikaipigia mashine ya duka kama simu ya hapo hapo mjini. Watu wa kujitolea walitapakaa duniani wakifanya hivyo, kila mmoja na mji wake. Tainan ilikuwa ya A-hun, na simu alilipia mwenyewe. Ukurasa wa kwanza wa kila faksi ulisema umeletwa kwa hisani ya Tan Siu-hun, jina lake kamili. Mama aliuchana ukurasa huo akafungia tangawizi.

A-hun alishamweleza hadi akachoka. Mama aliitikia "ehe, ehe" huku akirudia kusoma barua. Fadhila za punda mateke. A-hun ndiye aliyefungua duka kila asubuhi, ndiye aliyepika, na bado alimwonea wivu mtu asiyeosha hata bakuli moja katika nyumba ile.

Siku ya kuzaliwa ya mama, iliyoangukia Jumapili, A-hun alimpikia mguu wa nguruwe na tambi ndefu za kumtakia maisha marefu. Mama aliinua vijiti vya kulia tu, faksi ikalia. Alipomaliza kuisoma na kuwasomea majirani, tambi zilikuwa zimeganda. A-hun alipanda ngazi, akachomoa waya wa kompyuta. Alitaka mama aulize kulikoni, ajue ni mkono wa nani unaomlisha furaha.

Mama hakuuliza. Jumapili iliyofuata mashine ilikaa kimya, naye hakula. Alipopiga simu bwenini Ohio, alijibiwa kwa Kiingereza asichokijua. Alhamisi alishuka na bangili ya dhahabu, ile iliyowekwa kwa ajili ya harusi ya A-hun.

"Ameishiwa," alisema. "Hana hata ya faksi. Naipeleka kwa sonara nikaiuze."

"Mama, hiyo ni yangu."

"Wewe hujaolewa. Mwenzio ana njaa leo."

A-hun alimsihi angoje kidogo, akakimbia juu kuchomeka waya. Alisimama mbele ya kompyuta akiilaani, yeye aliyeichomoa mwenyewe. Barua iliyokwama njiani ilichukua muda kuingia. Mama alikuwa keshavaa viatu mashine ilipolia. A-bin alikuwa mzima, amefaulu mtihani, na anakula vizuri.

A-hun aliushika ukurasa wa kwanza kabla haujachanwa, akauweka mbele ya uso wa mama.

"Soma jina hili. Nilizima kompyuta yangu, A-bin akanyamaza. Nimeiwasha, anaongea. Anayekuletea A-bin kila Jumapili ni mimi."

Mama alisoma jina, polepole, kwa kidole. A-hun alikuwa ameisubiri siku hiyo mno.

"Kumbe inapita kwako," mama alisema. "Basi vizuri. Hilo la kula vizuri ananituliza tu. Panda umwandikie kaka yako pesa za bangili zinakuja, asijinyime tena."

"Na mimi je, mama?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Wewe una nini? Wewe si uko hapa?"

Akaitia bangili kwenye mkoba, akamwambia aangalie duka, akatoka.