Bolti Nne za Baba Geti

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Shule niliiacha mapema, lakini chuma nilichokiunga hakiachii. Binti yangu, nahodha wa timu ya roboti shuleni kwao, aliponiomba fremu ya roboti, niliichomelea kila kona, pamoja na mota yenyewe.

Akaigeuza, akaigeuza tena. "Baba, mota ikiungua tunaitoaje?"

"Haitoki. Hiyo ndiyo kazi safi."

"Hili si geti, baba. Mwakani mimi sipo. Wadogo watajifunza nini kwa kitu kisichofunguka?"

Nikamwambia nilianza kuchomelea kabla hajazaliwa. Mama yake akadakia, "Na ubishi pia!"

Nikachukua msumeno, nikaikata kazi yangu mwenyewe, nikatoboa matundu manne ya bolti. Iliniuma.

Mkuu wa shule alikuwa ameshasema: wasipofika fainali, chumba cha timu kinarudi kuwa stoo ya madawati mabovu.

Siku ya mashindano, kabla ya nusu fainali, mota ikatoa moshi. Wakapewa dakika tano. Binti yangu akafunga mikono nyuma. Ndiyo sheria yao: anayemaliza shule hagusi spana siku hiyo.

"Shika wewe, nahodha!" nikapiga kelele.

"Baba Geti, kaa chini!" timu nzima ikanijibu. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikakaa.

Aliyeshika spana ni msichana wa kidato cha kwanza wanayemwita Sisimizi. Akafungua bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikagoma. Tundu lake nililitoboa kwa hasira, likaenda upande. Nilitamani ardhi inimeze.

"Usiilazimishe," binti yangu akasema, mikono bado nyuma. "Inyanyue mota kwanza, kisha zungusha."

Ikatoka. Mota mpya ikaingia zikiwa zimebaki sekunde tisa, na nusu fainali tukashinda.

Fainali tulipigwa vibaya. Sijali. Chumba ni chao.

Jumatatu Sisimizi akaja karakanani na wenzake wawili. "Shikamoo, Baba Geti. Tunaomba fremu ya mwakani."

"Marahaba. Chuma hicho hapo." Nikampa drili. "Matundu utatoboa mwenyewe."

Akapima mara tatu, akatoboa. Yote manne yamenyooka kuliko yangu. Hadi waje kuichukua, fremu nimeiweka mbele ya karakana, na kila mteja wa geti lazima aitazame kwanza.